Mboga Ni Nini? Meza ya Kichina Mjini Lubumbashi

Lubumbashi, kuuliza "leo tunakula nini?" ni kupoteza maneno. Kinacholiwa kinajulikana: bukari, yaani ugali. Swali lenye uzito ni lile ambalo mtoto anamtupia mama yake akitoka masomo, kabla hata hajavua viatu: "Mboga ni nini?" Jibu laweza kuwa sombe, laweza kuwa lengalenga, laweza kuwa samaki wa Thomson aliyesafiri akiwa barafu tupu tangu Namibia, na siku za mshahara laweza kuwa nyama ya ng'ombe. Vyote hivyo, nyama ikiwemo, vikishaketi kando ya bukari vinaitwa mboga. Na mtu aliyeshinda kutwa akitafuna mkate, viazi vitamu na ndizi, jioni atakuapia kwamba hajala.

Jambo hili si la utani. Watafiti wa Observatoire du Changement Urbain, ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wanakula nini na kwa nini, na mwaka 2004 kikatoka kitabu kilichohaririwa na Pierre Petit, kilichopewa jina kwa Kiswahili cha hapahapa: Byakula.

Sasa vuka bahari. Kichina kina neno "fan". Maana yake ni wali uliopikwa, na maana yake pia ni mlo wenyewe. Usipokula fan, hujala. Kina neno jingine, "cai", ambalo ni majani yanayochumwa shambani, lakini pia ni kila sahani inayowekwa kando ya wali, iwe ya kuku, ya nguruwe au ya mayai. Yaani neno moja kwa mchicha na kwa nyama, kama vile "mboga" ilivyo Lubumbashi. Mwanaakiolojia K. C. Chang, aliyehariri mwaka 1977 kitabu maarufu kuhusu chakula katika utamaduni wa Wachina, aliufanya mgawanyo huo wa fan na cai kuwa mhimili wa upishi wao wote. Angezaliwa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, angeandika bukari na mboga, na hoja isingebadilika.

Watu wengi wa Lushi, kama wenyeji wanavyouita mji wao, wanaoingia kwa mara ya kwanza katika mkahawa mdogo wa Kichina hawalijui hilo. Wanaingia na wasiwasi wa mambo mengine: vile vijiti viwili, ile karatasi ya bei yenye herufi kama vibanda vya nyoka, na mzaha wa jirani kuhusu mbwa. Wanakaa ukingoni mwa kiti. Wanaagiza wali na kuku, kila mtu sahani yake, wanakula, wanalipa, wanatoka wakisema chakula ni kizuri ila hakishibishi. Shida haikuwa chakula. Waliagiza kama watu walio kwenye mkahawa wa Kizungu, ilhali walikuwa wamefika kwenye nyumba inayokula kama nyumba yao.

Mkahawa wenyewe si rahisi kuuona. Mjini Lubumbashi ile mikubwa, yenye taa nyekundu na ukumbi wa kukodi kwa harusi, inajitangaza yenyewe. Midogo hujificha. Mara nyingi ni nyumba ya zamani ya matofali, ndani ya ua wenye ukuta mrefu na lango la chuma, kibao kikiwa kimeandikwa Kichina zaidi kuliko Kifaransa. Nyuma ya kaunta kuna rafu yenye chupa za sosi ya soya, pakiti za tambi, mitungi ya pilipili iliyokaangwa kwa mafuta, na pombe kali ya mtama iitwayo "baijiu". Kuna mahali ambapo rafu hiyo ndiyo biashara yenyewe, na meza tano zilizopo ni nyongeza. Sababu ya kujificha haihitaji uchawi kuielezea: mahali hapo palifunguliwa kwanza kwa ajili ya Wachina wenyewe, na Mchina aliyeko Lubumbashi hahitaji tangazo ili ajue wapi panapikwa tambi za kwao.

Walikuja lini? Mji huu haujawahi kukosa wageni wenye vyungu vyao. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, na tangu hapo kila kabila la wafanyabiashara limeacha harufu yake jikoni: Wabelgiji, Wagiriki, Waitaliano, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Wahindi, halafu Walebanoni. Wachina ni wapangaji wa mwisho katika nyumba iliyojaa. Zaire ya Mobutu ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Beijing mwezi Novemba 1972, na Januari iliyofuata Mobutu mwenyewe akaenda kumwona Mao. Lakini Wachina wa enzi hizo walikuwa wajumbe wa serikali, wajenzi na wataalamu wa kilimo waliotumwa kwa mikataba, na kazi zao kubwa, kama jengo la Palais du Peuple lililokamilika mwaka 1979, zilikuwa Kinshasa.

Waliofika Lubumbashi kwa wingi waliitwa na shaba. Baada ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2002, na bei ya shaba ilipoanza kupanda, watu binafsi kutoka China walikuja na mitaji ya kukopa wakajenga tanuru ndogo za kuyeyusha mawe kandokando ya mji. Kampuni ya Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou, iliingia mwaka 2006. Mwaka 2007 gavana mpya wa Katanga, Moïse Katumbi, akazuia mawe ghafi yasivuke mpaka wa Kasumbalesa, jambo lililowapa wenye tanuru sababu zaidi ya kuwapo. Kisha ukaja mwisho wa 2008. Tani moja ya shaba, iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya dola 8,000 katikati ya mwaka, ilianguka chini ya dola 3,000 kabla ya Krismasi. Tanuru nyingi zilizimwa, baadhi ya wenyewe wakaondoka bila kuaga, na wafanyakazi wakabaki langoni wakidai mishahara. Jeraha hilo halijasahaulika mjini, na anayetaka kuelewa kwa nini mpaka leo neno "Mchina" hutamkwa kwa sauti mbili tofauti, ya kushangilia na ya kulalamika, aanzie hapo.

Waliokuja baadaye walikuwa wa aina nyingine: kampuni kubwa zenye kambi, hesabu na mikataba mirefu. Jinchuan ilichukua mgodi wa Ruashi mwaka 2012, MMG ikachukua Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa mji, mwaka huohuo, na mwaka 2016 CMOC ikanunua sehemu ya Wamarekani katika mgodi wa Tenke Fungurume. Kambi hizo zina wapishi wao. Mkahawa wa mtaani unawahudumia wale wasio na kambi, kama muuza pampu na vipuri, wakala wa malori na fundi anayepita kwenda Kolwezi, na vilevile mhandisi aliyechoka na chakula cha kantini akataka, Jumapili moja, kula kitu alichokichagua mwenyewe.

Hili nalo lina mfano wa zamani upande wetu wa Afrika. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, makumi ya maelfu ya Wachina waliishi kambini na kulima bustani zao za mboga kando ya njia. Hao hawakufungua mikahawa. Walitumwa na dola, walikula pamoja, wakarudi kwao. Wa leo wamekuja na soko, na soko ndilo linalofungua mlango kwa mtu wa pembeni kuja kuonja.

Na anayeonja kwa makini anaweza kusoma ramani. Watu husema "chakula cha Kichina" kana kwamba kuna China moja ya jikoni, lakini nchi ile ina watu zaidi ya bilioni moja, na nusu yake ya kaskazini ni walaji wa ngano, si wa mchele. Makao makuu ya Jinchuan yako mkoani Gansu, kaskazini magharibi, nchi kavu ambako fahari ya meza ni tambi za Lanzhou: donge la unga wa ngano linavutwa kwa mikono, linakunjwa, linavutwa tena, mpaka linakuwa nyuzi ndefu, kisha linamwagiwa supu ya mifupa ya ng'ombe. Ni upishi wa Waislamu wa Kihui, kwa hiyo hauna nguruwe. CMOC inatoka Luoyang, mkoani Henan, mji unaojivunia karamu ya sahani 24 ambazo nyingi ni za supu. Huayou wanatoka Zhejiang, karibu na bahari, wenye kupenda samaki na ladha tulivu. Zijin, walioko Kolwezi, ni watu wa Fujian. Halafu kuna Wasichuan na Wahunan, ambao wako kila mahali palipo na ujenzi, na ambao pilipili kwao ni kama chumvi. Mkahawa mdogo hauwezi kuwafurahisha wote. Kwa kawaida unapika kwa lugha ya mama ya mpishi, kisha unaongeza vyakula vichache ambavyo kila Mchina anavijua.

Pilipili yenyewe ina hadithi ya kusimuliwa hapo mezani. Mtu wa Lushi huiona pilipili kuwa yake tangu mababu, na Msichuan naye vilevile. Wote wawili ni wapokeaji. Pilipili ilitoka Amerika, ikapakiwa na mabaharia katika karne ya 16, ikashushwa katika pwani za Afrika na za Asia. Kitabu cha Kichina cha mwaka 1591 kinaitaja kama ua la kupendeza macho. Ilichukua muda mrefu, hadi karne ya 19, kabla Sichuan haijawa nchi ya pilipili. Mahindi ya bukari yalisafiri katika msafara huohuo. Nyanya pia. Karanga pia. Kwa maneno mengine, nusu ya kile ambacho Mkatanga na Mchina wanakiita cha asili kilishuka melini.

Mfano mzuri ni kuku wa "gongbao", ambaye yumo karibu katika kila karatasi ya bei ya Kichina duniani. Nyama ya kuku inakatwa vipande vidogo kama punje kubwa za maharagwe, inakaangwa haraka pamoja na pilipili kavu, vitunguu vya majani na karanga, ikimaliziwa kwa mchuzi mzito wenye utamu na uchachu kidogo. Anayekula sombe ya karanga nyumbani, au aliyewahi kuvuka Kasumbalesa akala ifisashi ya Wazambia, hatashangaa kukuta karanga katika mboga. Jina linatokana na cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan aliyefariki mwaka 1886, ambaye inasemwa alikipenda chakula hicho. Kwa sababu gavana huyo alikuwa mtumishi wa wafalme, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza 1966, jina likaonekana lina harufu ya ukabaila na likafutwa. Kuku yuleyule akaitwa kuku wa kukaangwa na pilipili. Mkongomani hahitaji kufafanuliwa. Mwaka huohuo wa 1966 Élisabethville iliitwa Lubumbashi, na miaka michache baadaye Katanga yenyewe ikaitwa Shaba, mpaka 1997. Huko walibadili majina ya sahani, huku yakabadilishwa ya mikoa na ya watu.

Sahani ya pili ya kujaribu ni ile ambayo Wachina wenyewe hula nyumbani na hawaioni kuwa ya kujivunia: mayai na nyanya. Mayai yanavurugwa kwenye mafuta ya moto, yanatolewa, nyanya zinapondeka karaini, mayai yanarudishwa, chumvi na sukari kidogo. Basi. Mama yeyote wa Lubumbashi ameshapika kitu cha aina hiyo usiku ambao hapakuwa na kingine. Kwa mgeni mwoga hakuna mlango mwepesi kuliko huo, tena bei yake ni ndogo.

Kwa aliyechoka na vyepesi kuna "mapo tofu", chakula cha Chengdu cha tangu miaka ya 1860, kilichopewa jina la mama mmoja mpishi mwenye makovu ya ndui usoni. Ni vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, ndani ya mchuzi mwekundu wenye nyama ya kusaga. Juu yake hunyunyizwa unga wa kokwa ndogo ambazo haziwashi bali zinafisha ganzi midomo, kama vile umeramba betri ya redio. Watu wamewahi kudhani wamelishwa sumu. Si sumu: mti unaozaa kokwa hizo ni ndugu wa ule ambao Waswahili wa pwani wanauita mjafari na kuutumia kama dawa.

Lakini ajabu kubwa zaidi iko kwenye sahani ya majani. Mhudumu akileta kabeji ya Kichina iliyokaangwa kwa vitunguu saumu, mgeni wa Lushi huitambua mara moja, kwa sababu ameila maisha yake yote na bukari. Kabeji hiyo ni miongoni mwa mboga zinazolimwa sana katika mabonde ya mji na viunga vyake, na ilikuwa bustanini kabla mikahawa hii haijafunguliwa. Mwaka 2000 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipoanza mradi wa kusaidia wakulima wa bustani katika miji ya Kongo, Lubumbashi na Likasi zikiwemo, hiyo ni moja ya mboga zilizopandwa kwa wingi, kwa kuwa inakomaa upesi na pesa yake inarudi upesi. Mpishi wa Kichina anayekwenda asubuhi kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, hatafuti kitu kigeni. Anapigania fungu lilelile na mama wa nyumbani.

Pia wanagawana wasiwasi uleule. Udongo wa Lubumbashi umepokea moshi na vumbi la kiwanda cha shaba kwa miongo mingi, na wataalamu wa chuo kikuu cha hapa wamepima mboga za bustani za mji wakakuta madini yasiyotakiwa tumboni. Mwaka 2009 Célestin Banza na wenzake, wakishirikiana na Wabelgiji wa Leuven, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wakazi wa maeneo ya migodi Katanga wanabeba mwilini kobalti nyingi mno. Kabeji haichagui inaliwa kwa vijiti au kwa vidole. Anayejali ataosha vizuri, ingawa kuosha huondoa vumbi la juu tu.

Jikoni ndiko tofauti ya kweli ilipo, na ni tofauti ya moto. Sombe hupondwa kwenye kinu, kisha huchemka polepole juu ya mbabula, makala yakiongezwa kidogokidogo, saa nzima au mbili. Gongbao iko tayari kwa dakika tatu. Kazi yote imefanyika kabla, kwenye ubao: kisu kipana kimekata kila kitu vipande vya ukubwa mmoja, ili vikitupwa karaini viive kwa pamoja. Karai lenyewe ni la chuma chembamba, chini yake gesi inavuma kama ndege inayotaka kuruka. Wachina wana neno kwa ile harufu ya moshi mwembamba inayobaki kwenye chakula kilichopikwa hivyo; wanaiita pumzi ya karai, na wanadai kwamba sahani ikikaa mezani dakika tano pumzi imetoka. Wanaoelezea asili ya mtindo huu husema ulizaliwa na uhaba wa kuni: nyama ikikatwa ndogo, moto mdogo unatosha. Katika mji ambao msitu wa miombo unaouzunguka unazidi kurudi nyuma kwa sababu ya makala, wazo hilo lingestahili kujadiliwa na watu wengine, si wapishi peke yao. Gesi ina faida nyingine: umeme wa SNEL ukikatika, taa zinazimika na jenereta inanguruma uani, lakini karai haliulizi.

Waliosimama mbele ya karai hilo si Wachina peke yao. Ingia jikoni, utakuta vijana wa mitaa ya Kampemba na Ruashi wakikata, wakiosha, na waliokaa miaka kadhaa wakikaanga wenyewe huku tajiri akipiga hesabu kaunta. Kati ya jikoni na meza lugha zinagongana. Mhudumu, ambaye wateja wanamwita "mama" kwa heshima hata kama ni binti mdogo, anachukua oda kwa Kiswahili, anaipeleka kwa namba, kwa sababu kila sahani ina picha na namba yake, na akiwa jikoni anaitangaza kwa Kichina alichookota masikioni. Wako pia Wakongomani wanaokisema Kichina sawasawa, wengi waliosomea China au waliotafsiri makazini. Filamu ya Empire of Dust ya Mbelgiji Bram Van Paesschen, iliyotoka mwaka 2011, iliwaonyesha walimwengu mmoja wao, Eddy, akifanya kazi na Mchina aitwaye Lao Yang katika ujenzi wa barabara ya Kolwezi na Lubumbashi. Wanasafiri, wanabishana, wanasubiri kokoto zisizokuja. Lao Yang analaumu, Eddy anajibu kwa Kichina safi, na mtazamaji anabaki bila kujua nani ameshinda.

Kwa hiyo, namna ya kuagiza. Watu wanne waagize sahani nne au tano za mboga, zikiwa za aina tofauti: moja ya nyama, moja ya samaki au kuku, moja ya majani, moja ya mayai au tofu, na supu. Wali uletwe wa kutosha, bakuli kwa kila mtu. Sahani zikae katikati, kila mmoja achote kidogokidogo. Hakuna "hii ni yangu". Jaribu kula namna ya kila mtu na sahani yake, na utabaki na rundo la kuku wa karanga bila kitu cha kumpooza, kama mtu aliyepewa bakuli la sombe bila bukari. Ndipo hayo malalamiko ya kutoshiba yanapozaliwa. Supu isipoletwa mwanzo usigombe, kwani mezani kwao mara nyingi hufika mwishoni.

Wasiokula nguruwe, yaani Waislamu, Waadventista na Wakimbangu, waseme mapema na waseme mara mbili. Haitoshi kukwepa sahani ya nyama. Mafuta ya nguruwe huweza kuingia katika mboga za majani, na nyama kidogo ya kusaga inaweza kulala ndani ya mbilingani bila kutajwa katika picha.

Vijiti havina siri. Kimoja kinalala juu ya kidole cha pete na hakisogei, cha pili kinashikwa kama kalamu na ndicho kinachofanya kazi. Inaruhusiwa kuinua bakuli hadi kinywani. Hairuhusiwi kuvichomeka vijiti wima katikati ya wali, maana hivyo ndivyo udi unavyochomekwa mbele ya marehemu, na mwenye nyumba atashtuka hata kama hatasema. Anayeshindwa aombe kijiko. Ataletewa bila dharau. Kuhusu mkono wenyewe, ule wa kulia uliooshwa vizuri na unaojua kufinya donge la bukari kwa ustadi ambao Mchina hatauweza kwa wiki nzima, huo hapa hauna kazi. Wali wao haufinyangiki.

Pesa hutajwa kwa dola, kama ilivyo karibu kila mahali mjini kwa kitu kinachozidi thamani ya soda. Noti iwe safi. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo ukingoni haikubaliki Lubumbashi, na mwenye mkahawa wa Kichina amelijifunza somo hilo haraka kuliko Kiswahili. Wachina wawili wakila pamoja utawaona wakisukumana kaunta, kila mmoja akitaka kulipa yeye, si ugomvi. Kugawana hesabu kwao ni jambo la haya, na hapo tena mtu wa Lushi, ambaye anajua kwamba aliyealika ndiye mwenye mfuko, hana la kujifunza.

Isidhaniwe kwamba meza hizi zimefuta kila ukuta kati ya wageni na wenyeji. Machi 2015, mtaani Kilimani jijini Nairobi, ilijulikana kwamba mkahawa mmoja wa Kichina ulikuwa ukiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Wakenya waliwaka, serikali ikaufunga, mwenyewe akakamatwa kwa kukosa leseni. Habari hiyo ilisomwa hadi Katanga. Na lango la chuma, hata likiwa wazi, bado ni lango la chuma; mkazi wa mtaani anayelipita kila siku ana haki ya kujiuliza kama ndani anakaribishwa. Majibu hutofautiana nyumba kwa nyumba. Kuna ambako ukiingia watu hugeuka wakakutazama, na kuna ambako mezani pa jirani Mchina mmoja na mteja wake Mkongomani wanafunga biashara ya saruji kwa bia ya Simba, wakigonga glasi na kusema "ganbei", yaani kausha. Biashara ikishindikana, bia imekwisha nywewa.

Mabaki hayaachwi. Mhudumu huyatia kwenye vikasha vya plastiki bila kuulizwa sana, na hapo ndipo gongbao inaanza maisha yake ya pili, ambayo haimo katika karatasi yoyote ya bei. Kesho yake adhuhuri inapashwa moto juu ya mbabula, pembeni yake donge jeupe la bukari. Mchuzi, ambao jana ulikuwa mzito kupita kiasi kwa wali, unashikana na bukari vizuri mno. Kuku naye hana shida. Tatizo ni karanga: donge halizinasi, zinateleza mpaka pembeni ya sahani, na watoto wanazigombea moja moja kwa vidole.